Kengele ya Rangi Tatu

Mdogo wangu wa mwisho ni bingwa. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Watu wa Kiwalani walilitumia neno hilo mpaka likachakaa, na kwa miaka mingi yeye mwenyewe hakutaka kuitikia jina jingine. Alikuwa bingwa wa mita elfu tano, mbio ambazo mtu anazunguka uwanja uleule mpaka wewe unayetazama unapata kizunguzungu kwa niaba yake. Sikuwahi kuuelewa ubingwa wa kuzunguka. Kuku wa jirani yangu naye anazunguka. Lakini alishinda, akavishwa medali, na kwa sababu ya medali akaajiriwa na taasisi moja yenye timu ya riadha. Kazi yenyewe ilikuwa kukimbia. Alilala kwenye kambi ya timu, akala chakula cha timu, akavaa viatu vya timu. Mie nilianza kufagia vumbi la mbao Keko kabla sijamaliza kidato cha pili, na leo nashona makochi palepale. Mtu akiniambia kuna watu wanalipwa kuzunguka kiwanja sibishi, nanyamaza tu.

Niseme nilifikaje Keko. Wazazi wetu walitoka Singida wakahamia Dar es Salaam, Kiwalani, baba akiwa karani wa ghala karibu na uwanja wa ndege. Alitangulia kufa yeye, mama akamfuata kabla hatujazoea kumwita baba marehemu. Tukabaki wanne. Siku ya kumaliza matanga ya mama, wakubwa wa ukoo walikaa kikao uani, na aliyesimama kusema ni baba yetu mdogo. Alisema watoto wagawanywe. Mmoja aende Singida, mmoja aende Dodoma kwa shangazi, na huyu wa mwisho, ambaye alikuwa bado ananyonya kidole, achukuliwe na yeyote atakayejaliwa nafasi. Mie, kwa vile ni mkubwa na wa kike, nitafutiwe nyumba ya kufanya kazi za ndani. Yeye mwenyewe hakusema atamchukua nani. Nilikuwa nakusanya sahani za watu. Nikasimama nazo nikasema hatugawanywi, sisi si vikombe. Wakanicheka kidogo, wakanawa mikono. Asubuhi yake baba mdogo aliondoka na redio ya baba na kochi la watu wawili, akisema vitakuwa salama zaidi kwake. Watoto aliwaacha. Inaelekea sie hatukuhitaji usalama.

Nikaacha shule, nikaenda Keko kwa mafundi wa makochi, nikawalea. Wa pili leo ni dereva, wa tatu ni muuguzi, wote wako mikoani na hawamo kwenye habari hii. Huyu wa mwisho ndiye aliyetumwa dukani kila siku akirudi mbio, na mwalimu mmoja wa michezo akamwona. Hiyo ndiyo asili ya ubingwa wake, ingawa magazetini alipenda kusema ni kipaji cha ukoo.

Ukoo wenyewe ulirudi na medali. Siku ya mashindano ya taifa baba mdogo aliketi jukwaani, mara ya kwanza maishani mwake kuona riadha, akaona jambo ambalo hakulisahau. Kwenye mbio za uwanjani, anayeongoza akibakiza mzunguko mmoja, mwamuzi anapiga kengele ya mkono. Mdogo wangu alikuwa na tabia moja iliyompatia kila alichonacho: anakaa nyumanyuma kama mtu aliyekuja kusindikiza, halafu kengele ikilia anaondoka kama amemwona mwizi wake. Siku ile aliwapita wote kwenye mzunguko huo mmoja. Baba mdogo alitoka uwanjani akiwaeleza watu kuhusu ile kengele, na aliendelea kueleza kwa miaka, kwenye misiba, kwenye harusi, popote penye kiti na soda. "Damu yetu hiyo," alikuwa anasema. Damu yetu. Miaka yote ile damu ilikuwa wapi, sijui. Labda ilikuwa imekaa kwenye kochi letu.

Kisha miguu ya bingwa ikaanza kuzeeka. Kengele ikilia vijana nao wanaondoka, na wanaondoka zaidi. Jumamosi moja alikuja kwangu Chanika, nilikojenga vyumba vyangu, akakaa barazani bila kuvua viatu.

"Dada, wanataka kunipeleka getini."

"Geti gani?"

"La ofisini. Niwe mlinzi."

"Kuna kivuli?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Dada, mie bingwa."

"Najua. Nimekuuliza kivuli."

Alilitamka neno geti kama mtu anavyotamka jela. Akaeleza polepole. Nafasi yake ya uwanjani amepewa kijana. Kocha amemwombea kwa wakubwa, wamekubali jambo moja tu: kuna marathoni inakuja Temeke, akimaliza ndani ya muda ambao kocha amempangia, atabaki kwenye timu kama mkimbiaji wa barabarani. Asipomaliza ndani ya muda huo, Jumatatu yake anavaa sare ya ulinzi.

"Sasa unalia nini? Si ukimbie."

"Silii. Ila marathoni ni mbio za wazee, dada. Wanakimbia kama wanakwenda sokoni. Nitaonekana nimeisha."

"Kama ni za wazee basi utawashinda."

"Nitawaua," akasema, na sura ikamrudi. Akavua viatu, akauliza kuna nini cha kula.

Alihamia kwangu kwa mazoezi, kwa sababu barabara za huku zina vilima na hazina watu wa kumwona. Nilimfulia, nilimpikia, na kila alfajiri nilisikia mlango ukifunguliwa, bingwa anakwenda kuwaua wazee. Mara ya kwanza kupewa safari ndefu, kutoka kwangu mpaka kule Msongola na kurudi, alirejea mapema kuliko nilivyotegemea. Aliingia getini kwangu akikimbia kwa madaha, magoti juu, kifua mbele. Nikamsifu. Jioni akaja dereva mmoja wa bodaboda wa kijiweni.

"Mama, shikamoo. Bingwa amesahau kofia yake kwangu asubuhi."

Alikuwa amepakiwa kutoka Msongola mpaka kwenye kona ya dukani, akashuka, akakimbia hatua za kuingilia nyumbani. Nilimwekea kofia yake juu ya sahani ya ugali. Na niwe mkweli, baada ya kofia ile alinyooka. Hakuwataja tena wazee. Alikwenda Msongola, akarudi kwa miguu yake, ikiwa na malengelenge, na usiku alilala kama gunia. Kocha alikuja mara kadhaa, mtu mfupi mkavu asiye na maneno mengi, akamwambia mbele yangu: "Tatizo lako moja. Umezoea kuondoka. Huku hakuna kuondoka. Unakwenda mwendo mmoja mpaka uvuke daraja la Mtoni mara ya mwisho. Kabla ya daraja usiongeze kitu, hata ukitukanwa."

"Sawa kocha."

"Hata ukipigiwa makofi."

"Sawa kocha."

Jirani na kwangu kuna shule ya msingi, na kengele yao ni rimu ya lori iliyoning'inizwa, wanaigonga kwa nondo. Adhuhuri moja bingwa amejinyoosha kwenye mkeka, usingizi umeanza kumchukua, rimu ikagongwa. Aliketi ghafla, mkono mmoja chini, mguu mmoja nyuma. Akacheka mwenyewe.

"Unaona, dada? Hicho kitu kikilia mie najikuta nishaondoka. Kichwa kinafuata baadaye."

Nikamwambia alale.

Sasa nije kwenye kamati. Hapa Dar es Salaam mtu hawezi kuoa, kuzika, kuhitimu wala kuhama nyumba bila kamati, lakini sikuwahi kusikia kamati ya mtu kukimbia. Mbio ni za miguu miwili. Jumapili moja nilitoka kanisani nikakuta uani kwangu kumetandikwa mikeka yangu na juu yake wamekaa watu ambao wengine sikuwahi kuwaona. Baba mdogo ndiye mwenyekiti. Kulikuwa na katibu, mweka hazina, mjumbe wa chakula, mjumbe wa usafiri, na mama mmoja mwenye sauti kubwa aliyejitambulisha kama mjumbe wa hamasa. Mkimbiaji alikaa katikati yao kama bwana harusi, anaangalia chini, anafurahi.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema. Shikamoo yake huwa nampa, ni ya umri tu, hata mbuyu una umri.

"Marahaba mama, karibu kwenye kikao."

Nilikaribishwa uani kwangu.

Walizungumza saa nzima kuhusu tisheti. Rangi gani, sura ya bingwa ikae mbele au mgongoni, na je, chini yake iandikwe jina la ukoo. Walizungumza kuhusu pilau, ipikwe wapi ili iwe ya moto bingwa atakapomaliza. Walizungumza kuhusu spika za muziki wa singeli na bajaji ya kuzibebea. Wakafungua grupu kwenye simu, wakaniingiza bila kuniuliza. Jambo la muda alioupanga kocha halikuwa ajenda. Nilipolitaja, mjumbe wa hamasa alisema tusilete mawazo ya kushindwa.

Kisha katibu akaanza kuandika ahadi. Akazunguka mkeka, kila mtu akitaja yake kwa sauti ili wenzake wasikie. Akanifikia.

"Dada mkubwa, tukuandikie nini?"

"Andika nilimlisha."

"Hapana dada, ahadi ya kamati."

"Hiyo ndiyo. Kama kuna nafasi ongeza nilimwogesha."

Watu wakaangalia mikeka. Baba mdogo akakohoa, akasema mchango wa hali na mali wote ni mchango, tuendelee. Na hapo ndipo mdogo wangu alipoharibu mambo yake kwa mdomo wake. Mjumbe wa hamasa alimuuliza ni kitu gani kinampa nguvu, nyimbo, dua, au kuitwa jina. Bingwa akainua uso, akatabasamu lile tabasamu la magazetini.

"Mie mama, nguvu yangu kengele. Nikisikia kengele nakuwa mtu mwingine."

Walipiga makofi. Baba mdogo hakupiga. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, macho yake mbali, kama mtu aliyepata neno alilokuwa analitafuta.

Siku ya mbio nilikataa tisheti. Nilishaziona zikivaliwa: sura ya mdogo wangu imetandazwa juu ya vitambi vya watu, mashavu yamevutika, jicho moja limeingia kwapani. Nilivaa kitenge changu cha kawaida nikabeba mfuko wenye ndala, kubwa kuliko namba ya mguu wa bingwa. Nilijua miguu itavimba. Niliona Msongola ilivyomfanya.

Njia ya mbio ilikuwa rahisi kuielewa, ndiyo maana hata kamati iliielewa. Walianzia kiwanjani Temeke, wakashuka Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala Rangi Tatu, wakageuza, wakarudi Temeke. Halafu wakarudia safari ileile mara ya pili. Kamati ikaenda kukaa Rangi Tatu na spika zake. Mie nikabaki Temeke karibu na mstari wa kumalizia, pembeni ya kocha aliyesimama na saa yake. Tulisalimiana.

Alipomaliza mzunguko wa kwanza alipita mbele yetu katikati ya kundi kubwa. Sikumtambua mara moja kwa sababu hakuwa anajionyesha. Magoti chini, mikono chini, anakwenda tu, kama wenzake, kama mtu anayekwenda sokoni. Kocha aliangalia saa, akasema, "Vizuri sana," na ndiyo sifa kubwa zaidi niliyowahi kumsikia akitoa. Nilipata kitu kama furaha. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikaweka mfuko wa ndala mapajani.

Jua lilikuwa limeshapanda simu ilipoita. Baba mdogo. Kabla sijasema chochote nilisikia singeli, watu wanapiga kelele, na juu ya hayo yote kengele, ile ya shaba ya mkono, inapigwa bila kupumzika kama nyumba inaungua.

"Mama, unasikia?" Alikuwa anatweta. "Tumempigia kengele. Nimeiazima shule moja huku Mbagala. Amepaa, mama. Amewaacha wote pale kwenye kona."

"Yuko wapi?"

"Ndiyo amegeuza Rangi Tatu, mara ya mwisho."

"Baba mdogo, amebakiza kilomita kumi."

"Si ndiyo raundi ya mwisho?" akasema, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto.

Nikakata simu. Kwa hesabu yake hakukosea. Bingwa anazunguka mara mbili, hii ni ya pili, amegeuza, anarudi, basi ni kengele. Alichokiona uwanjani amekileta barabarani, amemvua mtu kofia akakivisha kiti. Nilimgeukia kocha nikamwambia, wamempigia kengele Rangi Tatu. Kocha akaiweka saa mfukoni.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mdogo wangu mwenyewe, vipande vipande, siku nyingi baadaye. Anasema miguu ilisikia kabla yake. Aliposhtuka alikuwa ameshalipita kundi lote, kona iko nyuma, na barabara mbele yake ni tupu. Hapo angeweza kupunguza. Alijua apunguze, sauti ya kocha ilikuwa masikioni. Lakini kamati ilikuwa imepanda bajaji na bodaboda inamfuata pembeni, spika zinalia, mjumbe wa hamasa amesimama juu ya bodaboda anapunga tisheti yenye sura yake. Atapunguzaje mbele ya sura yake? Kengele ilimwasha, tisheti zikamkataza kuzima. Alikimbia mbio za kijana wa uwanjani, Barabara ya Kilwa, jua la saa nne, na kwa kitambo kifupi alikuwa wa kwanza kati ya wote. Katibu alimpiga picha wakati huo. Hiyo picha kamati ilituma grupuni ikiwa na maneno DAMU YETU, na mie niliipokea nikiwa nimekaa ukingoni na ndala.

Alivuka Mtongani bado mbele. Daraja la Mtoni, ambapo ndipo alitakiwa aanze kuongeza, alilifikia akiwa anatembea. Wale aliowapita walimpita mmoja mmoja, kwa mwendo wao uleule, wala hawakumwangalia. Baadaye akakaa chini kabisa, pembeni ya mama anayeuza mihogo ya kukaanga. Yule mama alimmwagia maji kichwani na kumuuliza, "Kaka, umefiwa?"

Bajaji ya spika ilipunguza sauti. Kisha ikazima. Kisha, anasema mdogo wangu, iliwasha taa ya kukata kulia, ikaenda zake.

Nilijua hayo kwa njia ya simu pia. Grupu lilikuwa linapiga kelele tangu alfajiri, sasa likanyamaza. Mtu mmoja akaandika, jamani vipi. Hakuna aliyejibu. Mjumbe wa chakula akaandika kwamba pilau iko tayari na isiachwe ipoe, wenye nafasi wafike. Halafu zikaanza zile taarifa fupi za simu: fulani amejitoa kwenye grupu. Fulani amejitoa. Mjumbe wa usafiri amejitoa. Mwenyekiti hakuwa wa kwanza, ana adabu zake. Aliandika ujumbe mrefu kuhusu mapenzi ya Mungu, akawashukuru wajumbe wote kwa umoja wao, akajitoa. Nilibaki na mama mmoja nisiyemjua ambaye nadhani simu yake ilikuwa imeisha chaji.

Washindi walifika, wakapigiwa muziki. Wakaja wa kati. Wakaja wale wa kujifurahisha, wenye tumbo na miwani ya jua, wakijipiga picha kabla ya mstari na baada ya mstari. Muda wa kocha ukapita. Alinijia akanipa mkono, kama tunavyopeana msibani, akasema atakuwa kwenye gari. Vijana wa kazi wakaanza kukunja mabango. Mmoja aliniuliza kama nasubiri mtu.

"Namsubiri mdogo wangu."

"Amekimbia zile fupi?"

"Ndefu."

"Mama, waliobaki wamepandishwa gari la mwisho."

"Huyu hajapandishwa," nikasema. Sikuwa na uhakika wowote. Nilikumbuka vizuri sana kofia ya Msongola. Lakini kusubiri sijawahi kushindwa, na kiwanja kilikuwa hakina mtu wa kunifukuza.

Alitokea wakati tao la kumalizia limeshatolewa upepo, limelala barabarani kama kochi lililochanwa. Alikuwa hakimbii na hatembei. Ulikuwa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo iliyojaa asitake imwagike. Chumvi nyeupe usoni, midomo imepasuka, soksi moja nyekundu kwa damu. Alipita juu ya tao, akapita pale palipokuwa na mstari, akaendelea hatua chache, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kumwambia asimame. Nikasimama mbele yake.

"Dada, usinicheke."

"Kaa uvue viatu."

Alikaa. Nilimvua mie, yeye mgongo haukukunjika. Ndala zilimwenea sawasawa. Nikamuuliza kwa nini hakupanda gari lao la mwisho.

"Lilisimama mara mbili."

"Sasa?"

"Muda nilishaukosa tokea darajani. Nikajua naenda getini. Nikasema basi, niende getini nimemaliza."

Nilimpa maji, nikamkokota mpaka kituoni, akiwa amenilalia bega kama enzi zile ana malaria. Njiani alisikia harufu ya pilau kutoka uani mwa watu, akauliza kamati wako wapi. Nikamwambia wanakula.

Jumatatu alivaa sare ya ulinzi. Nilitegemea nimsikie akilalamika. Hakulalamika. Geti lina kivuli, tena kizuri, cha mti wa mwarobaini, na kibanda chenye feni. Jambo lililokuwa linamliza Jumamosi ile barazani kwangu aliligeuza kazi ndani ya wiki moja, na ninapofikiri watu wazima walivyokaa kwenye mikeka yangu kuzungumza rangi ya tisheti ili lisitokee, nataka nicheke. Alfajiri bado nasikia mlango. Amebaki kwangu, kwa kuwa kitanda cha kambi ya timu amekirudisha. Anakwenda Msongola, anarudi, anaoga, anakwenda kazini. Hajaniambia anafanyia nini mazoezi na wala sijamuuliza. Ameniomba kitu kimoja tu, nisimwambie mtu wa ukoo, na hilo mbona rahisi.

Wiki iliyopita alirudi jioni akakaa mezani, akala kwanza, halafu ndipo akasema leo amepata mgeni. Baba mdogo. Alikuja pale ofisini kumtafutia mwanawe kazi, maana alisikia wanaajiri, na alikuwa amevaa ile tisheti. Imepauka, lakini sura bado inaonekana. Alipoona nani amekaa getini alifurahi sana, akanyoosha mikono, akasema, mwanangu, nifungulie basi nipite, niko na haraka.

"Ukamfungulia?"

"Nilimpa shikamoo. Nikamwambia wageni wote wanasubiri pale nje kwenye jua mpaka wapigiwe simu kutoka ndani, ndio utaratibu."

"Na ulipiga simu ndani?"

"Nilipiga. Baadaye."

"Alisubiri kwa muda gani?"

Mdogo wangu alilamba vidole, akafikiri kama mtu anayetaka kusema kweli tupu.

"Kama wa kwenda Rangi Tatu na kurudi," akasema. "Mara mbili."

Nikamwongezea ugali.